Kigoda cha Baba Kisiningoje Tena

Mwanza, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua Salome ndiye atakusomea barua hii jikoni, nami namwomba dada yangu asiruke mstari hata ukimchoma. Goti lako linaendeleaje? Huku sisi ni wazima. Mke wangu Kabula anakuamkia. Wajukuu wako wanakua, ila Kisukuma kimewakolea na Kimatengo wanajua salamu tu.

Mimi bado nipo kile kiwanda cha samaki, tunakata minofu ya sangara wa kupelekwa Ulaya. Barafu inatia vidole ganzi mpaka nashindwa kufunga vifungo vya shati. Lakini kazi ipo, na siku hizi mwenye kazi hanung'uniki.

Wiki iliyopita alifika Nikas, mtoto wa shangazi. Nikamchinjia kuku, nikauliza habari za nyumbani. Akasema chama cha ushirika hakiji tena kuchukua kahawa. Wanaokuja ni wafanyabiashara na magari yao, na tangu daraja letu lizolewe na maji, hata hao wanaishia ng'ambo. Watu wanavusha magunia kichwani, kila nyumba inauza kivyake kwa bei anayotaka mnunuzi. Jirani yetu alibebwa kwa machela kwenda zahanati, akajifungulia njiani.

Nikamuuliza, "Kwani hakuna wa kuwaita watu wakajenga daraja?"

Nikas akaacha kula. "Baba yako mdogo Kasiani alituita. Wazee wakamwambia hawezi kuongoza baraza la ukoo, sengu ambayo mwenyewe yu hai. Mwenyewe ni wewe, kaka. Tukikusanyika kula pale kwenu, kigoda cha marehemu baba yako kinawekwa, hakuna anayekikalia. Tunakula, tunanawa, tunatawanyika bila kuamua lolote. Tunakungoja kama abiria wa basi lililokufa njiani pale Kitai."

Nilicheka, Mama, kwa sababu aibu ilinibana. Kisha akanieleza la shamba. Kumbe hata shamba la Baba kule juu halijaguswa, eti ni la mrithi na mrithi hajatoa neno. Ngolo zimefukika, hakuna mashimo ya kushika maji, mvua ikashuka moja kwa moja ikabomoa ngolo za wenye mashamba ya chini na kuzoa maharage yao. Yako yakiwemo. Nawe ulimwambia Salome aniandikie kwamba mvua ni nzuri.

Kila mwaka nasema nitarudi Krismasi. Mama, sirudi. Nilikuwa najua, ila nilipenda kuhesabiwa mkubwa huko, maana hapa kiwandani naitwa kwa namba. Sikujua kwamba ninyi ndio mnaoumia kwa ajili ya raha yangu hiyo.

Sasa neno langu ni hili, Salome alisome kwa sauti siku mkikusanyika. Kigoda akikalie Baba mdogo Kasiani. Namkumbuka tangu utotoni, hamezi tonge kabla hajauliza nani hajafika. Ila naye aambiwe: mnunuzi wa kahawa akimvuta pembeni kumnong'oneza, amjibu mbele ya watu wote. Shamba awagawie wenye nguvu, wakate nyasi na kuchimba ngolo upya, maji yakae. Na wazee wasiseme tena mwenyewe yupo. Mwenyewe ameshasema.

Nisalimie Baba mdogo, nampa shikamoo yake. Nisalimie shangazi wa Kitura, mama yake Nikas, umwambie mwanawe hakunificha kitu na sikukasirika. Mnisalimie na yule jirani pamoja na mtoto aliyezaliwa njiani.

Usilie, Mama, sijafa. Nikija nitapiga hodi, nitanawa, na nitakaa pale Baba mdogo atakaponionyesha.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Fransi