Nilichokijua Kuhusu Pikapu ya Babu

S.L.P. 118,
Española, New Mexico.
21 Aprili 2019

Mpendwa Shangazi Ofelia,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Alaska imeanza kulegea na mgongo wako umepata nafuu. Sisi wazima, ila Nana, mama yako, amevunjika mkono. Sababu yake sijamwambia mtu yeyote: ni mimi. Nilijua, nikanyamaza.

Unaijua pikapu ya Babu. Kaka Eloy aliamua kuishusha ikae karibu na ardhi, kama vijana wa hapa wapendavyo, akanunua zile springi zinazovikwa juu ya shokapu, zenye ringi ya kuzungusha ili gari lipande au lishuke. Mimi ndiye niliyemsaidia kuchagua. Alitaka laini, nikamwambia injini ile ni nzito, achukue ngumu kidogo. Alinisikiliza, Shangazi. Nilifurahi wiki nzima.

Ijumaa Kuu asubuhi alizifunga, rafiki yake Filiberto akisaidia. Waliposhusha jeki, Eloy alipima, akaguna. "Bado iko juu kama trekta."

"Shusha tena, kaka," Filiberto akadakia. "Hii pikapu au ngazi ya kanisa?"

Kitabu cha maelekezo nilikuwa nacho mkononi. Kilisema gari likitoka kwenye jeki husimama juu kuliko kimo chake halisi. Lisukumwe kwanza mbele na nyuma mpaka likae, ndipo lipimwe. Nikafungua mdomo. Filiberto akaniwahi: "Nyamazeni, Profesa anataka kuhubiri!" Wakacheka. Nikaufunga. Wakazungusha ringi, wakapima, wakazungusha tena.

Mchana Eloy alimpeleka Nana kusali kwenye kanisa la hija la Chimayó, mimi nikiwa katikati yao. Kadiri gari lilivyotembea ndivyo lilivyozidi kukaa chini. Kwenye kona ya mteremko tairi lilikwaruza kitu, na pedali ya breki ikazama hadi sakafuni. Mbele yetu mahujaji walijaa ukingoni mwa barabara, mama mmoja akisukuma kigari cha mtoto. "Shikeni!" Eloy alipiga kelele, akatutumbukiza kwenye mfereji wa mashamba; hapo ndipo Nana alipovunjika mkono.

Tairi lilikuwa limeulalia mpira wa mafuta ya breki, likaukata. Tuko hai, Shangazi. Bado siamini.

Eloy anasema kosa ni lake peke yake. Kesho alikuwa aanze kazi gereji, kazi aliyoiomba mwaka mzima; Baba amemkatalia. "Umeshindwa kulitunza gari la baba yangu, utaaminiwaje na la watu?"

Nana anakusalimu. Nisalimie binamu zangu Altagracia na Orlando, Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko.

Nilipofika hapa kwenye salamu niliweka kalamu chini. Nilikwenda jikoni walikokuwa wote, nikawasomea barua hii tangu mwanzo. Eloy alisimama, akatoka nje. Baba aliuliza kitabu kiko wapi. Nilimletea, nikamwonyesha ukurasa, kisha nikatoka kumfuata kaka yangu.

Mwanao akupendaye,
Amadeo