Kibati changu cha mwezi

Shoga, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Si unajua kwa mama mkwe kila Krismasi tunaoka biskuti, na kila mtu wa nyumba ile ana kibati chake cha kukatia? Mume wangu nyota, wifi ua, mimi mwezi. Miaka sita mimi ni mwezi.

Leo nimekanda unga mwenyewe, nikausukuma, nikageuka kuchukua kibati changu. Hakipo. Mahali pake kuna kipepeo, kipya, bado kina karatasi ya bei.

Nikauliza huku nacheka, "Huyu kipepeo ni wa nani?"

Wifi akainamia sinki. Mama akasema, "Kwani hajakwambia mnaachana?"

Hajakwambia mnaachana. Alivyosema, utadhani ananiuliza kama nimeshakula.

Sikulia. Nikakata vipepeo trei nzima, nikavitia kwenye oveni. Hata kimoja hakikuungua.

Wakati naondoka Mama akafungua kabati, akakitoa kile kibati cha mwezi, akakifuta kwa aproni yake, akanitilia kwenye mkoba.

"Nenda nacho, mwanangu. Ni chako."

Nikasema asante.

Shoga, nimesema asante.