Paa la Ghala Lilivyoanguka Polepole

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka Cheche,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima kabisa. Jana amenigombeza mara tatu kabla ya chai.

Kazini tumepata programu mpya ya kompyuta. Unaijua kazi yangu: tunachora daraja au mtambo, tunaugawa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kisha kompyuta inakokotoa kila kipande kinabeba nguvu kiasi gani. Zamani ilituambia tu kwamba chuma kitashindwa. Siku hizi inaonyesha ufa unapoanzia na njia unayopita, hatua kwa hatua. Buluu inageuka njano, njano inageuka nyekundu, nami hukaa nikitazama mpaka nasahau kula.

Basi, Kaka, nimelichora lile paa la ghala.

Usikasirike. Ni miaka saba tangu lianguke usiku wa mvua kubwa na kumvunja mlinzi mguu. Kiungio ulicholehemu kilikutwa kimekatika, watu wakasema ni wewe, na Baba akakuambia usishike tena chuma nyumbani kwake. Ukaondoka. Nilitaka kujua. Mara ya kwanza ufa ulianzia pale pale, kwenye kiungio chako. Nisamehe, ndugu yangu: kwa wiki tatu niliamini, na sikuweza kukuandikia hata mstari mmoja.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilitandaza maji ya mvua sawasawa paa zima, kama siagi kwenye mkate. Yule mlinzi, ambaye siku hizi anauza vocha, ndiye aliyeniambia kuwa mfereji wa paa ulikuwa umeziba na maji yalituama upande mmoja tu. Nikayahamisha maji, nikaanza upya.

Nilimwita Baba aje atazame. Paa lilizama taratibu, bila sauti, kama mtu anayepitiwa na usingizi. Boriti ya upande wa mfereji ikapinda, ikakatika katikati, mbali kabisa na kazi yako. Kiungio chako kilikatika mwisho, baada ya vyote kushindwa.

"Rudisha," Baba akasema. Akatazama mara nne. Akauliza kama mashine inaweza kutia chumvi. Nikamwambia haijui hata Cheche ni nani. Mama akasema ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, akaingia jikoni. Mimi nililia, wala sikujificha.

Msalimie shemeji na wale mapacha. Shangazi mshonaji anakusalimu, na Babu Redio pia, bado anabishana na taarifa ya habari. Mungu akufunike kwa rehema zake, akupe usingizi mtamu.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Kijiti

Baba ameomba nimwachie nafasi hapa chini. Amekaa na kalamu tangu asubuhi.

Mwanangu Cheche. Nilikosea mimi. Njoo nyumbani nikuombe radhi ana kwa ana. Baba.