Mwendo wa Mama

Kitangari, Alhamisi

Kwa Dada Mwanaisha,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na Faidha mmeamka salama huko Masasi, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku miili ni mizima. Barua hii anakuletea Petro mkononi. Kwa simu nisingeweza, nikitoka shuleni Mama hanibanduki, na masikio yake unayajua.

Dada, Mama anapanda bodaboda. Kila asubuhi Ashraf, yule wa kijiwe cha sokoni, anampeleka Newala na kumrudisha, wala Mama hanunui kitu. Anachotaka ni mwendo tu. Anasema aendaye mbio hazeeki, na yeye lazima awe hai mdogo wetu Salmini akirudi.

Kosa ni langu. Salmini alipokwenda machimboni Msumbiji na simu yake ikawa haipatikani, Mama alilia hadi akaacha kula. Nikamwambia mwanawe kapata kazi kwenye chombo cha angani kinachokimbia karibu sawa na mwanga. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, kwamba humo saa hujikokota, miaka miwili yetu kwake ni siku chache. Chombo nacho hufupika upande wa safari, na kikizidi mbio huzidi uzito, kukisukuma kukawa kazi. Aliamini yote, mwalimu kasema. Hata kanzu ya Salmini ya Idi ameipunguza isije ikampwaya.

Nimemwambia pikipiki haifikii hata chembe ya mwendo ule. Akanijibu haba na haba hujaza kibaba. Jana alimwamuru Ashraf asiguse breki mteremkoni, na mjinga yule akatii, eti mtu mzima hakataliwi. Walirudi kanga ya Mama imechanika begani, naye anacheka. Jumapili wameahidiana mteremko mkubwa wa kuelekea Ruvuma. Naogopa, Dada.

Basi nikwambie. Salmini hayupo. Shimo lilimfukia mwaka juzi, msimu wa korosho. Nilipigiwa simu nikiwa darasani, nikaitia mfukoni, nikaendelea kuandika ubaoni. Hatukuweka tanga, hatukumsomea hitima, na mkewe Yasmini hajakaa eda. Kila siku nilisema kesho, na kila kesho neno lilikuwa zito zaidi.

Njoo Jumamosi tumwambie pamoja. Peke yangu nimejaribu mara tatu, nimeshindwa.

Msalimie shemeji, na Faidha mbusu. Mama naye anakusalimu sana. Anasema ukija usishtuke ukimkuta msichana.

Mdogo wako,
Tahiri