Kiapo Juu ya Kichwa cha Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani huku chini barazani wazee wanabishana kama kawaida yao, na ninachohitaji kwako si huruma, nahitaji mtu wa kuniambia la kufanya kabla sikukuu ya mungu wetu wa kike, Mama Durga, haijafika, maana ikishafika nitakuwa nimechelewa. Majina nimeyabadilisha yote, lakini nyumba ni ya kweli, ipo kaskazini mwa Kolkata, kwenye kichochoro chembamba ambako ukifungua dirisha unamsalimia jirani bila kupaza sauti.

Nafundisha fasihi kwenye chuo cha wasichana, sijaolewa, na baba yangu, nimwite Bireshwar, zamani alikuwa mtunisha misuli. Klabu yetu ya mazoezi ni chumba kimoja chenye vyuma vilivyoota kutu, picha ya Hanuman, mungu wa nguvu, ukutani na harufu ya mafuta ya haradali, ambayo mpaka leo nikiisikia sokoni miguu yangu inasimama yenyewe. Siku hizo kijana aliyejenga mwili wake vizuri aliweza kupewa kazi ya reli, na baba aliipata hivyo, kwa mgongo wake, na mgongo huo ndio uliotulisha. Asubuhi alikula dengu zilizolowekwa usiku kucha, na jioni mimi na mdogo wangu Tublu tulining'inia mmoja kwenye mkono huu na mwingine kwenye ule, naye akizunguka uani kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, akituuliza, "Nani mzito leo? Nani amekula samaki wa mwenzake?"

Siku ya nane ya sikukuu, kwa desturi ya mtaa wetu, wanaume wa klabu huonyesha nguvu zao mbele ya sanamu ya Mama Durga. Baba alipanda jukwaani anang'aa kwa mafuta, ngoma zikaanza taratibu, naye akaitikisa misuli ya mgongo mmoja mmoja kufuata ngoma, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ukadhani wapiga ngoma ndio wanaomfuata yeye. Mama yangu, ambaye sasa hatunaye, alijifunika mdomo kwa ncha ya sari ili watu wasione anavyojivuna. Mimi nilikuwa mabegani mwa mtu, sikumbuki nani, na niliamini kwamba yule mungu mwenye mikono mingi anamtazama baba yangu tu.

Baada ya hapo barazani yalikuwa ni hayo mpaka majira yabadilike. Nani alikuwa na mapaja, nani alikuwa na mabega tu, nani ameharibika tangu aoe. Mkubwa wa mabishano alikuwa Bamdogo Habul, si ndugu yetu wa damu, ni kondakta wa tramu aliyestaafu, mtu ambaye hajawahi kuinua kitu kizito kuliko kikombe cha chai lakini anaijua misuli ya kila mtu tangu enzi za babu zetu. Nililala nikisikiliza sauti hizo. Nadhani ndizo zilizonifanya nipende kusoma, kwa sababu nilijifunza kwamba watu wazima wanaweza kukaa saa nzima wakitafuta neno sahihi la kusifia shavu la mguu.

Tublu alikulia kwenye vyuma vilevile, akapata mwili mzuri kuliko wa baba, halafu akatuambia kwamba anataka kupigana. Mchezo ule wa ndani ya wavu, ngumi na mateke na kabali pamoja, ambapo mtu akianguka ndipo anapigwa zaidi. Mwaka juzi ugomvi wa hilo ulilipuka barazani, nami nilikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Huo ni mchezo au bucha?" aliuliza Bamdogo Habul. "Nimeona kwenye simu ya mpwa wangu, damu mpaka kwenye kamera!"

"Na mabingwa wako waliojidunga sindano za kukuza misuli mpaka figo zikafa, Bamdogo, hao walikuwa kwenye mchezo au bucha?" Tublu akamjibu. "Baba mwenyewe si alizimia nyuma ya jukwaa kwa kukaa bila maji ili mishipa ionekane?"

"Alizimia akaamka! Na akapata kazi ya reli!"

"Reli ya leo inaajiri mgongo wa nani? Nitajie mmoja."

Baba akasema polepole, "Sisi tulijenga. Nyinyi mnabomoa."

Tublu akasema, "Mlijenga nyumba, Baba, mkaishia kuipaka rangi. Hakuna aliyewahi kuingia ndani."

Wazee wote waliangalia vikombe vyao. Tangu siku ile baba na Tublu walikula kwenye meza moja bila kusemezana, na mimi nikawa mpeleka habari kati ya watu waliokaa umbali wa bakuli la wali. "Mwambie mdogo wako achukue kitunguu." "Mwambie Baba nimeshiba."

Mwaka huu Tublu alishinda pambano kule Guwahati na Bamdogo Habul, ambaye siku hizi anaangalia bucha hiyo kuliko sisi wote, akaliweka kwenye simu mbele ya baba. Baba akalitazama akiwa nyuma ya gazeti lake. Kesho yake, wakati wa chai, akasema bila kumtazama mtu, "Mkono wako wa kushoto unashuka ukichoka. Ndiyo maana unapigwa." Tublu akaacha kutafuna. Mimi nikakimbilia jikoni nikalia juu ya viazi. Tangu hapo wanakwenda klabuni pamoja kila asubuhi, baba anamshikia zile pedi za kupigia ngumi, wanarudi na kachori za moto kwenye karatasi, na nawasikia wanacheka kwenye ngazi, mshauri, kicheko kilekile cha uani, kana kwamba Mama yupo jikoni.

Sasa ndiyo hili. Mwezi uliopita Tublu alipigwa teke la kichwa mazoezini, huko anakofanya mazoezi ya mapigano, si klabuni kwetu. Alirudi akiwa kama kawaida, akavua viatu, akaniuliza, "Dada, Mama amekwenda sokoni?" Nikadhani anatania. Akauliza tena. Nikampeleka kwa daktari wa ubongo nikimwambia baba kwamba tunakwenda kununua kitabu, na mlangoni mwa daktari Tublu akashika mkono wangu akauweka juu ya kichwa chake. Unajua wewe, kwetu kuapa juu ya kichwa cha mtu si mchezo, ukikivunja kiapo anakufa yeye. Akasema, "Apa. Utakayoyasikia humu ndani hayatoki kwa mtu yeyote." Nikaapa, kwa sababu nilitaka aingie tu. Daktari akatuonyesha kwenye picha ya kichwa mahali damu ilipovuja, akasema mchezo huu umekwisha kwake, pigo jingine la hapo anaweza asiamke. Njiani Tublu akacheka. "Daktari ukimuuliza, atakukataza hata kuvuka barabara."

Na kamati ya klabu imeamua kwamba mwaka huu, siku ya nane, mbele ya Mama Durga, badala ya kutunisha misuli patakuwa na pambano la kweli, Tublu na kijana kutoka Siliguri, na baba ndiye atakayekaa kwenye kona yake. Baba ameshajinunulia shati.

Shangazi yangu aliwahi kuvunja kiapo cha kichwa cha mumewe na mume akafa mwezi uleule kwa homa ya matumbo, na hadi leo kwenye harusi watu humkwepa kwa namna fulani. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba homa haisikilizi viapo. Lakini nikifungua mdomo kumwambia baba, kiganja changu kinahisi zile nywele. Nikisema, naogopa kwa ajili ya kichwa chake. Nikinyamaza, ni kichwa kilekile. Na nikisema ninamnyang'anya baba mwanawe, ambaye amempata juzi tu. Nifanye nini?

Ni mimi, Dada Mtu, Kolkata ya Kaskazini.

*

Mwanangu Dada Mtu,

Barua yako nimeirukisha foleni. Walioandika kuhusu mawifi na mahari watanisamehe. Jibu hili nakutumia nyumbani leo, kwa anwani ya kwenye bahasha yako, gazeti litakuja nyuma.

Pole kwa mama yako, na pole kwa kuulizwa swali lile. Nalijua sinia la chai linavyokuwa zito kwa mtu anayesimama katikati ya wanaume wawili wakaidi. Huruma yangu inaishia hapo, maana mwenyewe umesema hukuja kuitafuta.

Uliapa kutomwambia mtu yeyote. Mimi ni mtu. Mhariri wangu ni mtu, naye amesoma. Kwa hiyo kiapo chako ulikivunja ulipobandika stempu, na mdogo wako, naamini, mchana wa leo amekula wali wake na akaongeza samaki. Shangazi yako mpe pole kwa niaba yangu. Amebebeshwa mzigo wa maji machafu ya bomba miaka yote hiyo, na nyinyi wenye vitabu mmemwacha aubebe. Ukimaliza hili, nenda ukakae naye kwenye harusi inayofuata, ubavuni kabisa, watu waone.

Sikucheki kwa kuogopa. Hata mimi siwezi kuweka mkono juu ya kichwa cha mtu kwa mzaha. Lakini fikiri, wewe msomi. Tunaapa juu ya kichwa kwa sababu hakuna kitu cha mtu tunachokithamini zaidi ya hicho. Kijana aliyeweka mkono wako pale ili umsaidie kukipeleka kikapigwe, huyo ndiye aliyekichezea kiapo. Alijua dada yake anaamini, akatumia imani yako kama kufuli. Mwambie nimesema hivyo. Mwambie ni ujanja wa kitoto na umemshinda.

Sasa nikukaripie wewe. Nimesoma barua yako mara mbili kwa raha, nikaisikia ile haradali, mpaka nikamkumbuka marehemu kaka yangu na vyuma vyake. Halafu nikaona kitu. Umeupa mgongo wa baba yako aya nzima na umempa daktari sentensi moja. Kwa nini? Nitakuambia, na usinikasirikie. Kinachokufunga mdomo si zile nywele kiganjani. Ni kicheko cha kwenye ngazi. Kimekurudishia nyumba yenu ya zamani, na unaogopa kwamba ukisema, kitazima. Unailinda asubuhi ya kachori kwa kichwa cha mtu aliye hai. Mwanangu, mama yako hayupo jikoni. Tublu yupo, kwa sasa.

Kuhusu mchezo wenyewe sina muda wa kubishana. Huyo Habul na wenzake waendelee kuamua ni mchezo au bucha. Wapo wanaopigana miaka na miaka wakastaafu na meno yao, na wapo watunisha misuli waliozikwa wakiwa wazuri kama sanamu. Daktari hakuulizwa kuhusu mchezo. Aliulizwa kuhusu kichwa kimoja, akajibu.

Fanya hivi. Siku utakayoipata barua hii, wala usingoje jioni, mkalishe Tublu na umwambie kwamba hadi chai ya kesho asubuhi awe amemwambia baba yake kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba asipomwambia, utamwambia wewe, mezani, akiwa amekaa hapo. Usimbembeleze na usilie, maana machozi atayajibu kwa utani. Akikukumbusha kiapo, mwonyeshe ukurasa huu.

Baba akishajua, mpeleke kwa daktari yuleyule aione picha kwa macho yake. Wanaume wa aina ya baba yako hawasadiki binti, lakini mwili uliovunjika wanausoma haraka, ndiyo kazi waliyoifanya maisha yao yote. Kamati mwachie yeye. Wewe watakuita mwoga aliyesoma sana, yeye hawatathubutu. Na barazani usipeleke neno, maana Habul akijua saa nne, saa tano anajua kijana wa Siliguri.

Unaogopa kwamba baba atampoteza mwanawe tena. Soma ulichoandika mwenyewe. Yule mzee hakurudi kwa mwanawe kwa sababu ya ushindi wa Guwahati. Alirudi kwa sababu aliona mkono wa kushoto unashuka na hakuweza kuvumilia kuona anapigwa. Unadhani mtu wa namna hiyo atakushukuru umwache akae kwenye kona, na shati lake jipya, akitazama yatakayotokea mbele ya Mama Durga, kisha ajue baadaye kwamba ulijua?

Tublu atakasirika. Atavunja kikombe, ataitukana kazi yako ya fasihi, pengine atahamia kwa rafiki na wewe utarudi kupeleka habari kati ya watu wawili, safari hii ukiwa mmoja wao. Vumilia. Mpelekee chakula huko huko, mwekee mlangoni, ondoka. Na akikwambia hatakusamehe maisha yake yote, usibishane naye. Omba tu yawe marefu.