Kosa la Binadamu

Kilosa, 15 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini nawe huko Mikumi hujambo. Barua hii anaileta mama Irine, akirudi kutoka kuuza nyanya hapa Magomeni ya Kilosa. Simu shuleni bado ni marufuku.

Mtihani wa Uraia umebakiza wiki nane. Nimesoma mada zote isipokuwa Usalama Barabarani. Nafungua ukurasa, nautazama, nafunga. Silii, mama, ila haiingii. Mwalimu Makarius anasema mada hiyo ina alama nyingi, lakini nimeamua kuiruka.

Nitumie sabuni, na lile daftari la Uraia la kaka Thadeo. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Mwanao,
Anitha


Mikumi, 22 Septemba 2024

Mwanangu Anitha,

Marahaba. Sisi sote huku ni wazima. Nimeandika "sisi sote" kwa mazoea ya mkono. Niko peke yangu, na ni mzima. Chai inauzika, madereva wa malori wanakunywa na kulalamikia sukari kama kawaida yao.

Sabuni mbili hizo, na daftari. Nimelipekua. Penye picha ya barabara kaka yako kachora punda milia mwenye mkia, amesimama katikati ya lami. Nilikaribia kucheka.

Mada hiyo usiiruke. Si kwa ajili ya alama. Tangu tumzike mwezi wa tano watu wananiambia "ni ajali, mama Thadeo", kana kwamba hilo ni jibu. Kitabu chenu ni cha Kiingereza, nami Kiingereza sikijui. Nitafsirie. Kinasema ajali inaletwa na nini?

Mama yako


Kilosa, 6 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimeufungua ukurasa kwa sababu umeuliza.

Yule punda milia ni utani wake tu, ndilo jina la vile vivuko vyenye mistari. Pembeni ameandika, "Wa mbugani wana kibao cha kupunguza mwendo, sisi je?"

Kitabu kinataja mwendo kasi, ulevi, ubovu wa magari, ubovu wa barabara, na kukosekana kwa alama. Ya kwanza kabisa, kabla ya hizo tano, kinaiita "kosa la binadamu". Juzi nilizisema zote sita mbele ya darasa bila kukosea. Mwalimu akasema vizuri, nikakaa. Sikusikia chochote moyoni.

Mwanao,
Anitha


Mikumi, 13 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Binadamu gani?

Jambo hili sijamwambia mtu. Asubuhi ile kaka yako alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda chake cha pancha. Uji ulikuwa tayari, nikamwita. Akajibu, "Nakuja mama, namalizia tairi." Nikamwita tena, nikamwambia unapoa. Akavuka huku ananitazama mimi, anacheka, mikono imejaa grisi. Lori lilitokea upande wa mbugani.

Nisingemwita mara ya pili, angekuwa anamalizia tairi. Wewe umesoma. Niambie kama kosa hilo limo kitabuni.

Mama yako


Mikumi, 3 Novemba 2024

Anitha,

Hujambo? Mama Irine ameshakwenda huko mara tatu na kurudi mikono mitupu. Nimeelewa. Usihangaike kunijibu, fanya mtihani wako. Mimi siku hizi siiti mtu. Wanaotaka chai wanakuja wenyewe.

Mama yako


Kilosa, 12 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Nisamehe kukaa kimya. Barua yako imekaa mfukoni mwa sketi wiki nne. Siku mbili za kwanza nilikukasirikia, nasema ukweli. Baadaye hata hasira ikaisha, nikawa nasoma tu, nakula, nalala.

Uraia tumefanya jana. Swali lilikuja, sababu sita za ajali pamoja na mifano. Nikaziandika. Penye kosa la binadamu nikaeleza habari ya dereva anayekimbiza lori katikati ya makazi ya watu, na mfano nikaandika Mikumi. Nilipoandika neno hilo machozi yakanitoka, ya kwanza tangu mazishi. Msimamizi akaniletea karatasi nyingine, maana ile ililowa.

Nimetafuta, mama. Nimepekua kitabu chote, na daftari la kaka, mstari kwa mstari. Kumwita mtoto aje anywe uji hakumo.

Tunamaliza mwisho wa mwezi. Basi litanishusha ng'ambo, pale penye kibanda chake. Nitasimama hapo na begi langu. Niite, mama, kwa sauti yako ileile, hata mara mbili. Nitaangalia kulia, kushoto, na kulia tena, kisha nitavuka.

Mwanao,
Anitha