Maswali Nayajua Yote

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, vichochoro vya Mji wa Kale vyateleza, na mimi sina hamu hata ya mahamri.

Kwanza niseme jambo lisilo na ubishi, tusipotezeane wakati. Kuanzia Feri mpaka Kibarani, kisiwa kizima hiki, hajazaliwa kijana anayeijua kompyuta kunishinda. Nikiingia chumba cha kompyuta pale skuli, mashine zilizokufa hufufuka kwa haya. Simu ya jirani ikigoma, hunisikia tu nikibisha hodi ikajirekebisha yenyewe. Kompyuta zingekuwa na wazazi, wangekuja wao kuniposa mimi.

Sasa kaeni chini: leo nimetolewa somo la kompyuta.

Mimi.

Kwa asiyenijua, niliacha skuli nilipomaliza kidato cha tatu, nikaenda Liwatoni kwa ami yangu kupiga msasa mashua za watu. Vumbi la rangi lilinijaa puani hadi nikawa napiga chafya za buluu. Mwaka huu nimerudi kumalizia kidato cha nne, mkubwa kuliko darasa zima, ndevu zangu zimemzidi hata mwalimu wa hesabu. Nimerudi kwa ajili ya kompyuta. Jiografia na wenzake nawabeba tu kama mzigo wa mtu. Vijana pale huniita Fundi, nami sijawahi kuwakataza.

Mwalimu wetu wa kompyuta alitwambia mapema: atakayeanguka mtihani wa majaribio, jina lake haliendi katika mtihani wa taifa wa somo hilo. Na ami, ambaye hakuwahi kuupenda mpango wangu wa kurudi, naye akasema lake. "Ukitolewa kompyuta, wabakia kufanya nini huko? Njoo, msasa wako nimekuwekea."

Kwa hivyo mjue nilikuwa nachezea nini.

Kitabu nilikifungua ilipobaki wiki moja. Msinitolee macho. Mjanja hana haraka.

Mkakati wa kwanza: nilibandika karatasi za masomo chooni, ili kila niingiapo nisome. Nyanya alizibandua siku ileile. Alisema huyo RAM na huyo ROM hawajui, lakini wakiwa ni watu wana mama zao, na mtoto wa mtu habandikwi chooni. Mkakati wa pili: kulala na kitabu chini ya mto. Shingo ilikakamaa, kichwa kikabaki vilevile.

Mkakati wa tatu ndio uliokuwa na akili, na nitausifu hata leo nikiwa kwenye msiba wake.

Nina rafiki aitwaye Twaha. Tumekaa mkeka mmoja tangu chuo cha Kurani, tukichapwa kwa zamu. Ni mpole, mwembamba, ukimsukuma yeye ndiye huomba radhi. Pale chuoni tulihifadhi mambo mazito tukiwa wadogo hata pua hatujui kupenga, na tulihifadhi vipi? Kwa sauti. Kwa kasida. Mmoja hutoa, wengine huitikia, na kitu kikishaingia kwa njia ile hakitoki hadi kaburini. Basi nikamwambia Twaha: kompyuta nayo tuifanyie kasida. Mtihani ni wa Kizungu, sawa, lakini tuhifadhi kwa lugha ya nyumbani, kalamu itafasiri yenyewe.

Kila baada ya alasiri tukawa tunakaa barazani kwao, dumu tupu la mafuta ndiyo dufu yetu. Mimi natoa, Twaha aitikia.

Mimi: RAM na ROM zatafautiana niiini? Yeye: moja husahau umeme ukikatika, ya pili hukumbuka. Mimi: programu huundwa kwa hatua gaaani? Yeye anazimimina zote, kwa ile sauti yake ya mtu aliyelazwa.

Na mimi nilivyokuwa nikitoa! Nilivuta zile herufi hadi muuza kahawa akawa anatua birika lake na kutikisa kichwa. Wasichana waliotoka madrasa walipita, wakapita tena, na njia yao si ile. Mama mmoja alisema kutoka dirishani, "Mwanangu, kasida nzuri, lakini mtume gani huyo aitwaye Virusi?" Baraza ikaanza kujaa. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimeshatunga maswali ya kitabu kizima, kila moja na mahadhi yake.

Jumanne nikaingia mtihanini nikitembea kama bwana harusi.

Nikafunua karatasi. Swali la kwanza: eleza tafauti ya RAM na ROM. Wallahi nusura nicheke. Ni swali langu! Nikalisoma kimoyomoyo, kwa mahadhi yake, nikaivuta ile herufi ya mwisho kimyakimya.

Kisha nikangoja.

Nilijikuta nimeinamisha kichwa upande, sikio limesimama, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Chumba kizima kimya, kalamu zakwaruza. Nikalisoma tena. Nikangoja tena. La pili nikalijua swali lake, mahadhi yake, na mahali muuza kahawa hutikisa kichwa. Jibu lake? Hakuna. La tatu vivyo hivyo. Palipokuwa na hesabu za binari nilizipata, maana zile hatukuziimba, nilizifanya peke yangu kwa vidole. Kwengine kote nilikuwa mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na wenyewe.

Na Twaha yuko mbele yangu, madawati machache tu. Anaandika. Hainui kichwa. Mgongo wake mwembamba ule watingishika kwa kuandika, na kila unavyotingishika najua ni jibu linatoka, jibu la swali langu mimi, na yeye hageuki hata kidogo.

Hapo ndipo nilipomchukia.

Tulipotoka nilimfuata hadi uani, mbele ya watu wote. "Msaliti mkubwa we!"

Twaha akashtuka. "Nimekusaliti nini?"

"Majibu umeyachukua yote! Mimi nimekuachia nini?"

Akasema taratibu, kama anayetaka kuelewa kweli, "Sasa wewe wataka nikuitikie mtihanini, yakhe?"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata wa kidato cha kwanza, ambao hawajui RAM wala ROM, walicheka. Kuna mmoja alianza kutoa kwa mahadhi yangu, na wenzake wakamwitikia.

Tangu hapo siongei naye. Siku mbili hizi nimehesabu walionisaliti. Twaha wa kwanza. Wa pili mtunga mtihani, aliyeniletea maswali yangu yote kama mgeni aliyekuja na kapu tupu. Wa tatu koo langu hili zuri. Nimewalaumu wote, kila mmoja kwa zamu yake, nikifika mwisho naanza upya.

Leo mwalimu aliniita ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake, na uso wake haukuwa wa hasira. Afadhali ungekuwa.

"Fundi," akasema, "kila mahali umeandika swali langu upya, kwa mwandiko mzuri sana. Kisha ukaniachia nafasi. Ulitarajia nijaze mimi?"

Akanieleza kwamba amenitoa. Kisha, labda kwa sababu ya zile binari, akaongeza: majina yanapelekwa Jumatatu alasiri. Asubuhi yake niende anitahini kwa mdomo, yeye aulize, mimi nijibu. Nikijibu vyema, jina linarudi. Nikishindwa, nisimlaumu mtu.

Nimefika nyumbani nikajaribu kujiuliza na kujijibu mwenyewe. Haiwezekani, jamani. Sauti ikiwa moja, hujidanganya: naona jibu kitabuni, najiambia nilikuwa nalijua. Nataka mtu wa kutoa, mimi niitikie. Nyanya amejitolea, lakini kila nikikosea ananiambia "ahsante mwanangu" na kunikatia keki.

Mtu anayeyajua majibu yote ni mmoja tu, na nyumba yake naiona kutoka dirishani hapa ninapoandika. Mlango uko wazi. Kandambili zake ziko nje.

Mwaniuliza kwa nini siendi. Ni kwa sababu nimemtukana mbele ya watu? Kuomba radhi naweza. Nina ulimi wa kuombea radhi mji mzima na nikapewa chai juu yake.

Si hilo. Nyinyi wachache mnaosoma hapa, nimewasimulia kisa hiki upande mmoja.

Siku ya tatu ya kasida yetu, Twaha aliniambia, "Leo tubadilishane. Mimi nitoe, wewe uitikie." Nilimjibu kuwa sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta, itatufukuzia watu. Watu wakacheka, yeye akacheka, tukaendelea. Siku ya tano akaniomba tena. Nikajifanya sikusikia, nikapiga dumu. Jumatatu, siku moja kabla ya mtihani, alikuja nyumbani na kitabu mkononi, peke yake, barazani kwetu hapana mtu. Nilimwomba nyanya amwambie nimelala. Nilikuwa nyuma ya mlango, macho makavu, nikisikia kandambili zake zikirudi.

Hakunisaliti mtu. Twaha alikuwa akihifadhi jibu kwa jibu, nami nilijua tangu siku ya kwanza kwamba sina hata moja kichwani. Nilitoa, nikatoa, nikatoa, kwa sababu anayetoa haulizwi.

Niliogopa Twaha anisikie nikikosea.